Sabuni za Ghorofa ya Nne

Mtu akianza kunisimulia jinsi zamani tulivyokuwa sawa, mimi humtazama mikono kwanza. Sisi tuliofua kwa majivu na majani ya mpapai tuna ngozi iliyokauka mapema, haikubali mafuta. Yule mzee mikono yake ilikuwa laini, kucha safi, na alikuwa anaipapasa wakati anazungumza kama mtu anayejipenda.

Alifikia hotelini kwetu Al Rigga, Dubai, pamoja na binti yake, mfanyabiashara aliyekuja kununua mizigo Deira. Mimi nilikuwa sapavaiza wa usafi, nasimamia ghorofa ya tatu mpaka ya tano. Kazi yangu ilikuwa kuingia chumba baada ya msafishaji kumaliza, kupitisha kidole juu ya kabati, kuinua mito, kunusa bafu, kisha kutia alama kwenye karatasi. Wageni wa kwetu wakisikia Kiswahili kwenye korido hufurahi, hutaka kujua mtu ni wa wapi na amekaa miaka mingapi. Mzee alinidaka siku ya kwanza, mlangoni pa lifti.

"Mwanangu, wewe mtu wa wapi?"

"Shikamoo mzee. Mimi wa bara tu, huko njia ya reli."

"Marahaba. Njia ya reli! Basi sisi ni ndugu."

Akataja mji wake. Ulikuwa mji wangu. Akaniambia, kifua mbele, kwamba miaka ile ya shida yeye ndiye aliyekuwa katibu wa tawi la chama pale, na tena msimamizi wa duka la ushirika. Nilimtazama vizuri. Mvi zilikuwa zimemjaa, mashavu yamelegea, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikitoka kwenye dirisha la duka na kusema imekwisha, rudini wiki ijayo.

"Taabu tuliipata," akasema, "lakini tuliipata sote. Tulikosa sawa, mwanangu. Siyo kama huku, mmoja ana jumba la vioo, mwingine analala chumba kimoja na watu sita. Hii ni dhuluma."

Mimi ndiye niliyekuwa nalala chumba kimoja na watu sita, kule Al Qusais kwenye nyumba ya wafanyakazi, kitanda cha chini, pazia la khanga. Sikuhitaji kuelezwa kwamba ni dhuluma. Kilichonichefua ni lile neno sawa kutoka kwenye kinywa kile. Nikasema ndiyo mzee, nikamshikia mlango wa lifti.

Sasa nieleze tulivyokosa, maana watoto wetu wanadhani tunatia chumvi. Unga ulikuwa wa njano, wa msaada, una funza. Mama alikuwa anawachekecha asubuhi na hakuwatupa mbali, aliwapa kuku. Sukari ilikuja mara moja kwa mwezi, kilo moja kwa kaya, na miezi mingine haikuja. Sabuni tuliisikia tu. Nguo nyeupe ziligeuka rangi ya maji ya dengu. Tulikuwa na chawa, jambo ambalo hakuna anayependa kulisema siku hizi akiwa amevaa vizuri, chawa kwenye mishono ya sare, na upele katikati ya vidole unaotoa majimaji. Tulikaa watatu dawati moja tukijikuna mpaka mwalimu naye anaanza kujikuna.

Binti wa katibu alikuwa madarasa mawili mbele yangu. Alinukia. Sare yake ilikuwa nyeupe pe, na akipita tulinyamaza wote tuvute hewa. Siku moja mwalimu alinituma kwao na barua. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, nikaona makatoni ya sabuni chini ya kitanda, yamejaa mpaka yameinua godoro upande mmoja. Uani mbuzi wao alikuwa anakula ganda la mkate. Mkate! Sisi hatukuwa tumeutia mdomoni tangu mdogo wangu azaliwe, na mdogo huyo alikuwa ameshaanza kutembea. Nilisimama nikimtazama yule mbuzi akitafuna, nikaona mate yananijaa, na nikajichukia kwa yale mate. Mke wa katibu aliniuliza kama nimetumwa kuja kushangaa wanyama.

Foleni ya duka letu ilikuwa ya mawe. Hakuna mwenye shughuli zake aliyeweza kusimama siku tatu akingoja lori, kwa hiyo kila kaya iliweka kitu chake kwenye mstari, jiwe, kikapu kibovu, pande la tofali, kiatu kimoja. Kila mtu alilijua jiwe la mwenzake. La mama lilikuwa kipande cha jiwe la kusagia, lina kovu katikati. Lori likifika, watu hukimbia kila mmoja akasimama kwenye jiwe lake, na nafasi yako iliheshimiwa hata kama mwenye kukufuata ni adui yako. Katibu peke yake ndiye aliyekuwa akipita na kupiga teke mawe ya watu asiowapenda, na ukirudi unakuta la kwako liko mtaroni.

Mama alikuwa mjane. Jina lake mjini lilikuwa la upishi. Harusi, msiba, maulidi ya jirani, ubatizo wa jirani, yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo, akapima mchele, akapima mafuta, na mwisho wa shughuli akarudisha kilichobaki mpaka punje. Nchi ile, wakati ule, mtu kukupa ufunguo wa chakula alikuwa amekupa heshima yote aliyokuwa nayo. Hatukuwa na kingine cha kujivunia pale nyumbani.

Mwezi mmoja jirani yetu alijifungua. Hakuweza kutoka, mume wake alikuwa shambani, kwa hiyo mama aliweka mawe mawili, la kwake na la jirani, akabeba kadi mbili za mgao. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, watu walikuwa wanafanyiana. Katibu alizipokea kadi zote mbili dirishani, akazigonga muhuri kwa mkono wake, akampimia kilo mbili. Mama hakufika hata kwenye kona. Mgambo walimsimamisha, wakafungua kikapu, wakasema mjane wa kaya moja ana kilo mbili, huyu ni mlanguzi, anahujumu uchumi.

Walimsimamisha sokoni juu ya kreti la soda, sukari imening'inizwa shingoni kwa kamba. Nilikuwepo. Watu waliokula mikononi mwake miaka yote waliimba mlanguzi, mlanguzi, na wengine waliimba huku wanaangalia chini. Nzi walifuata sukari, wakamtambaa mdomoni, na hakuwa na ruhusa ya kuinua mkono. Jirani yetu aliulizwa kama alimtuma. Mume wake aliyerudi mbio kutoka shambani akajibu kwa niaba yake, hapana, hatukumtuma mtu. Mama alikaa mahabusu wiki mbili, akarudi amenyolewa kipara. Hakuna aliyempa ufunguo tena. Kwenye misiba alikaa na wazee wasio na kazi, mikono mapajani, akisikiliza sufuria za wenzake.

Katibu huyo ndiye aliyesema tulikosa sawa.

Siku zilizofuata nilimhudumia mzee kama mgeni yeyote. Aliniita mwanangu, aliniuliza kama nasali. Binti yake alipita na mifuko yake bila kunitambua, na mimi sikujitambulisha. Nilisema moyoni watakaa siku zao kumi na mbili, wataondoka, nitapulizia dawa chumba, basi.

Ghorofa ya nne ilisafishwa na binti wa Kiganda, mwenye miezi saba kazini. Alikuwa mnyenyekevu, anafanya kazi huku ananong'ona nyimbo za kanisani, kwa Kiganda, na vitanda vyake vilinyooka kuliko vya waliokaa miaka. Baba yake aliuza shamba la migomba ili amtoe. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa kwa bibi yake, huko upande wa Masaka, na kila tukipanda basi la kurudi Al Qusais alinionyesha video ile ile ya mtoto anakimbiza bata. Nilimpenda kwa kiasi ambacho sapavaiza anaruhusiwa kupenda.

Wiki ya pili akanijia stoo uso umemshuka.

"Madam, sabuni zangu zinaisha. Mimi naweka kwa toroli, naingia kwa chumba, nikitoka hakuna."

"Umehesabu vizuri?"

"Nimehesabu. Hata shampuu. Hata sukari ya chai. Madam, mimi sichukui. Naapa kwa Mungu."

Nilimwamini. Pia nilijua kuamini kwangu hakuna kazi. Kila mwisho wa mwezi meneja alikuwa analinganisha vifaa vilivyotoka stoo na vyumba vilivyolaliwa, na ghorofa ikizidisha, ilibidi karatasi iende ofisi kuu ikiwa na maelezo na jina la mfanyakazi. Mwenye jina hilo viza yake inafutwa, anapelekwa uwanja wa ndege. Khalas. Hakuna barua ya onyo, hakuna nafasi ya pili.

Asubuhi iliyofuata niliingia kukagua chumba cha mzee. Binti yake alikuwa Deira. Begi kubwa lilikuwa wazi juu ya meza ya mizigo, na chini ya shati moja la kuzifunika nikaona sabuni. Zilikuwa zimepangwa kwa safu kama matofali, mamia, na karatasi zake za dhahabu. Pembeni shampuu, vikofia vya kuogea, miswaki, pakiti za sukari na za chumvi zimefungwa kwa mpira. Harufu yake ilinipanda kichwani. Ilikuwa harufu ya chumba kile cha katibu, ya chini ya kitanda, miaka thelathini baadaye.

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amevua soksi. Hakushtuka.

"Nawapelekea watu wa nyumbani," akasema. "Wewe unajua shida za kule."

"Mzee, hizi zimetoka kwenye toroli."

"Si za hoteli? Na mimi si mgeni wa hoteli?"

"Zina hesabu yake. Kuna binti atarudishwa kwao kwa ajili ya hizi."

"Yule Mganda? Kijana yule, atapata kazi nyingine."

"Hatapata. Mwambie meneja ni wewe. Wewe hawatakugusa."

Akacheka kidogo, akaipapasa ile mikono yake. "Mtu mzima kama mimi, niliyeongoza watu, nikasimame mbele ya vijana hawa niseme nimeokota sabuni? Mwanangu, nihifadhie heshima."

Hapo ndipo nilipomuuliza kama anamkumbuka mama mmoja wa mawe mawili. Alikunja uso, akatafuta, akapata.

"Wa sukari. Mpishi yule! Pilau lake lilikuwa halina mfano. Yuko hai?"

"Ni mama yangu."

"Kumbe! Basi wewe mtoto wangu kweli."

"Kadi ya jirani uliigonga muhuri mwenyewe, mzee. Ulijua sukari ile ni ya mzazi."

"Nilijua," akasema. Alisema vile vile mtu anavyosema leo kuna joto. "Wilaya walitaka jina. Mwezi ule kila tawi lilitakiwa jina la mlanguzi kabla ya Ijumaa, tawi lisilo na jina katibu wake anaitwa yeye. Ningempeleka nani? Mwalimu mkuu? Balozi wa nyumba kumi, ana watoto tisa? Mama yako hakuwa na mume wa kuniletea fujo. Nilimchagua ambaye ataumiza watu wachache. Uongozi ni mgumu, mwanangu, ninyi hamjui."

"Na makatoni yaliyokuwa chini ya kitanda chako?"

"Yale yalikuwa ya ofisi." Akajiinua kwa kuguna. "Hebu nisaidie, zipu hii inanishinda."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikandamiza begi kwa mikono yote miwili mpaka likafunga. Mgeni akikuomba umsaidie unamsaidia, na mkubwa akikuomba ndiyo zaidi, mwili wangu ulifanya kabla sijaupa ruhusa. Nikatoka, nikaenda choo cha wafanyakazi, nikanawa mikono bila sabuni.

Mchana nilimpigia mama simu kutoka kwenye ngazi za nyuma. Nikamweleza kila kitu, na kwamba amekiri mwenyewe, bila kulazimishwa. Mama alikuwa anasikia kwa sikio moja, ilibidi nirudie mara tatu lile neno lake, nilijua. Nilitegemea atalia au atashukuru.

"Kamwambia nani?" akauliza.

"Mimi, mama."

"Wewe ulikuwa hujui? Huko Dubai nani ananijua mimi? Aje aseme sokoni, asimame pale pale aseme." Kisha akasema, "Na huyo binti wa watu, usimwache."

Nilishuka ngazi zile nikiwa na hasira nzuri, ya kunyoosha mgongo. Nikaingia kwa meneja bila kubisha hodi. Nikampa namba ya chumba, nikamweleza begi, safu za sabuni, nikamwambia apande sasa hivi aone kwa macho yake.

Meneja aliniacha nimalize. Alikuwa amechoka, chai yake imeganda utando.

"Mgeni haibi," akasema. "Mgeni anachukua. Unataka nifungue begi la mgeni aliyelipa siku kumi na mbili? Halafu mimi nikalale wapi?" Akanisogezea fomu. "Mwezi umeisha na hesabu ya ghorofa ya nne imezidi, ofisi kuu wanataka jina la mfanyakazi. Yalla, andika. Aliyekuwa na toroli, au anayemsimamia. Mmoja wenu, mimi yote sawa."

Nieleze ukweli wote hapa, kwa sababu nimewasema wengine. Sikuwa mgeni na fomu ile. Nilikuwa nimeshaijaza mara mbili miaka iliyopita, ghorofa ya tatu na ya tano, wasichana wawili, na mara zote mbili nilijiambia huenda kweli walichukua. Mmoja wao jina lake limenitoka kabisa. Nilikuwa najua nafasi ya jina iko wapi, sanduku la pili kutoka juu, herufi kubwa.

Niliishika ile kalamu nikafikiri kwa haraka, na nilichofikiri nakikumbuka neno kwa neno. Huyu ana miezi saba, mimi nina miaka tisa. Huyu ni kijana. Mimi nina mtoto yuko sekondari na mama wa kumtunza, nikianguka mimi tunaanguka watatu. Nilimchagua ambaye ataumiza watu wachache. Maneno hayo yalikuja kwa Kiswahili kizuri, kwa utulivu, na sauti haikuwa yangu. Niliitambua ilikuwa ya nani, na nikaandika hata hivyo. Niliandika jina la yule binti kwa herufi kubwa, na nikatia sahihi chini yake.

Mzee na binti yake waliondoka Jumamosi. Alinitafuta aniage, nikajificha stoo mpaka lifti ikashuka.

Siku mbili baadaye, mchana, gari dogo la kampuni lilikuja Al Qusais kumchukua yule binti wa Kiganda. Nilikuwa zamu ya mapumziko, ningeweza kubaki kitandani na pazia langu, lakini wenzangu wa chumba wangeshangaa. Nikashuka. Alikuwa na begi moja na mto aliokuja nao. Hakuwa analia, macho yalikuwa yamevimba tu. Aliponiona aliweka begi chini, na kwa jinsi walivyolelewa kwao akapiga magoti mbele yangu, pale kwenye lami, saa saba ya mwezi wa nane, watu wanapita.

"Mama," akasema, na hakuwa ameniita hivyo kazini. "Meneja alisema walitaka kuita polisi, na wewe ulikataa. Alisema ulinitetea. Asante sana nyabo. Mungu akulipe, akuwekee mtoto wako, akuwekee mama yako."

Mimi sikuwa nimekataa polisi. Hakuna aliyeniuliza habari ya polisi. Dereva alipiga honi. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ni nani aliyeandika, angalau hilo, angeondoka akijua wa kumchukia. Lami ilikuwa inaunguza mpaka kwenye nyayo za ndala zangu, na yeye magoti yake yalikuwa matupu juu yake, hakuinuka, anasubiri mkubwa wake aitikie dua.

Nikasema amina.